Sikio la Kushoto

Judithi, mpangaji wangu wa chumba cha uani, hapa Sinza,
ametandaza karatasi kwenye mkeka niliotaka kuanikia makopa.
Anatafuta mtu.
Si mtu mkubwa, hakuna mtaa ulioitwa kwa jina lake.
Ni bibi mzaa bibi wa babu yake,
Tamari Wicha, wa mji mmoja wa baridi huko Masachuseti,
mtu wa kawaida kama chumvi.

"Mwaka elfu moja mia nane na hamsini," ananisomea,
"karani alipita nyumba kwa nyumba akihesabu watu.
Wanaume wakaandikiwa kazi. Yeye, mstari mtupu.
Wa sitini hayupo.
Wa sabini yupo, kaolewa, jina limekosewa.
Wa themanini..."
hapo anaweka kidole, kucha imetafunwa,
"wameandika: kiziwi."

Ndicho kinachomnyima usingizi.
Ameuliza daktari, ameuliza binamu,
nani mwingine katika ukoo alizaliwa na masikio yaliyofungwa?
Binti yake ana mimba huko kwao,
na damu, anasema, huweza kuficha jambo vizazi vinne
kisha ikalitema siku usiyoitazamia.

Mimi nakuna nazi. Nimemgeuzia sikio la kulia,
maana la kushoto lilibaki Urafiki,
banda la kufumia, mashine namba arobaini na moja,
zamu ya usiku, miaka kumi na tisa.
Mle ndani tulisemezana kwa midomo na vidole:
kidole shavuni, msimamizi anakuja;
viwili, uzi umekatika;
kiganja tumboni, Sikudhani kanasa tena.
Nikirudi nyumbani mume wangu alidhani namgombeza,
kumbe namwambia chai iko mezani.

"Huyo bibi yako alikuwa akifanya nini?"
"Hakuna kazi. Nimekwambia, mstari mtupu."
"Basi mji wake ulikuwa na nini?"
Anapekua. Mto. Makanisa mawili. Kiwanda cha nguo.

Mbuzi ikanyamaza chini yangu.

"Judithi, huyo hakuzaliwa hivyo," nikasema.
"Huyo alifuma."

Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Na mimi nikakumbuka kwetu, nyuma ya Kunduchi,
mashimo ambayo watoto tulikatazwa kuyachezea.
Babu wa babu yangu aliyachimba akitafuta sandarusi,
vidonge vya utomvu wa kale, mdudu amelala ndani,
ikapimwa kwa frasila, ikapakiwa, ikaenda huko huko Marekani
kung'arisha viti, milango,
na majeneza, nadhani, ya watu kama Tamari.
Huyo mzee alipokufa, shangazi Mwamvita husimulia,
alizikwa katika merikani mpya, dhiraa kadhaa, ya kukopa.
Sandarusi ilikwenda, sanda ikarudi.
Deni lililipwa na wanawe, kwa kuchimba.

Siapi kwamba kitambaa kile kilitoka mikononi mwake.
Mashine zilikuwa nyingi, na wasichana wengi,
na mimi sipendi hadithi zinazofungika vizuri mno.
Ila kuna mtu alikifuma. Kuna sikio lililokilipia.
Na babu yangu huyo, ukitaka kujua,
hana hata huo mstari mtupu.
Jina lake limetupotea, twamwita tu Mzee wa Mashimo.

Judithi akachukua kalamu ya risasi,
akarudi mwaka wa hamsini, palipo peupe,
akaandika kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: *mfumanizi*.
Nilicheka mpaka tui likamwagika.
"Mfumaji, mwanangu. Mfumanizi ni wa mambo mengine."
Akafuta, akaandika upya, akipuliza vumbi la kifutio.

Kisha akasema neno, akiwa upande wangu wa kushoto.
Sikumwomba alirudie.
Midomo niliisoma.